Gogo la Bibi Harusi

Katika misheni ndogo ya Waingereza iliyokuwa milimani juu ya Kibakwe, miaka ile reli ya Mjerumani ilipokuwa imekwisha kufika Dodoma na sasa inajongea Tabora, alikuwapo mwalimu wa kike aliyeitwa Anyesi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, mrefu, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu anayekimbia mvua. Wanawake wenzake walikuwa wamekwisha kumkatia tamaa. Walisema ameolewa na vitabu. Yeye alisikia, akacheka, akaendelea kusoma.

Kiingereza alikuwa amefundishwa na Bibi Winifredi, mmisionari aliyesimamia shule ya wasichana, ambaye watu wote walimwita Bibi Wini. Mafunzo yao hayakuwa na kitabu. Bibi Wini alionyesha kitu kwa kidole, akakitaja, Anyesi akarudia, kisha akaandika katika daftari lake. Baada ya miaka minne alikuwa na maneno yapata mia nane, naye aliyajua kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake, moja moja, kwa rangi na kwa pembe.

Mwezi wa sita Bibi Wini aliteremka kwenda Dodoma kumuuguza mmisionari mwenzake. Alikusudia kurudi upesi, kwa sababu alikuwa amechumbiwa na Bwana Robati, fundi wa kujenga makanisa, na harusi yao ilikuwa ifanyike kule kule milimani. Lakini akiwa Dodoma akaambiwa kwamba ndoa ya Wazungu lazima kwanza iandikwe bomani, mbele ya afisa wa Kijerumani, na afisa huyo ana nafasi Jumamosi moja tu kabla hajasafiri. Basi harusi ikahamia Dodoma, na Bibi Wini akapiga simu ya maandishi mpaka stesheni ya Gulwe, ambako tarishi alikabidhiwa karatasi apande nayo milimani.

Tarishi alifika Jumanne adhuhuri, vumbi mpaka kwenye kope.

"Anayesoma Kizungu hapa ni nani?"

"Ni mimi," akasema Anyesi.

Tarishi akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Haya, soma. Mimi nipeni maji."

Simu si barua, maneno yake ni ya kubana. Ile ilisema hivi: leteni trunk, treni ya kwanza, harusi Jumamosi Dodoma, Winifredi.

"Harusi ni Jumamosi hii!" Anyesi akapiga kelele. "Anataka tumpelekee trunk."

"Tilanki ndiyo nini?" akauliza Ruthu, mpishi wa misheni, aliyetoka jikoni mikono imejaa unga wa uwele.

Kabla Anyesi hajajibu, Mwalimu Yoramu alikohoa. Yoramu alikuwa katekista, mtu wa makamo mwenye heshima zake, na Kiingereza chake chote alikuwa amekipata katika kitabu kimoja cha picha za wanyama.

"Trunk," akasema, "ni mkonga wa tembo. Nimeuona kwa macho yangu. Tembo amesimama hivi, mshale umeelekea pua yake, na chini pameandikwa trunk."

Wote wakamgeukia. Hata tarishi aliacha kunywa.

"Bibi Wini anataka mkonga wa tembo?" akauliza Ruthu.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Kwenye harusi?"

"Mimi sikusema anautakia nini. Nimesema maana yake."

Ruthu akajaribu kujizuia, akashindwa. "Labda kwao bibi harusi anauvaa shingoni," akasema, na hapo tarishi akapaliwa na maji, ikabidi apigwe mgongoni.

"Baba Yoramu, hukukosea," Anyesi akasema kwa adabu. "Trunk ni mkonga. Lakini pia ni shina la mti, mwili wake ukiondoa matawi na mizizi. Na mti ukianguka, shina likawa gogo, bado ni trunk."

"Mkonga, shina, gogo. Neno moja?"

"Moja."

"Maskini Waingereza," akasema Yoramu kwa huruma ya kweli. "Watu wenye meli kubwa namna ile, na maneno yamewapungukia."

Anyesi alikuwa amekwisha kugeuka kutazama upande wa kanisa. Pale kivulini, juu ya mawe ili mchwa wasilifikie, lilikuwa limelazwa gogo la mninga. Bwana Robati mwenyewe ndiye aliyelikata mwaka uliotangulia alipokuja kuezeka kanisa. Alikata ncha zote mbili zikawa laini kama jibini, akasema gogo hili siku moja nitalitengeneza kitu kizuri, msiliguse. Na ilikuwa juu ya gogo hilo hilo Anyesi na Bibi Wini walikokaa jioni nyingi, Bibi akiligonga kwa viganja na kusema, "Trunk, Anyesi. Trunk."

"Anataka kumpa bwana harusi zawadi!" akasema Anyesi. Moyo ulimruka. "Gogo lake! Amelikumbuka!"

"Una hakika?" akauliza Ruthu.

"Maana ziko mbili. Moja haiwezekani. Ndiyo kusema ni hiyo nyingine."

Hesabu ilikuwa nzuri, ila maana hazikuwa mbili. Chumbani kwa Bibi Wini, chini ya kitanda, lilikuwapo sanduku kubwa la bati jeusi lenye kufuli la shaba, na ndani yake, limekunjwa katika karatasi laini, lilikuwamo gauni jeupe la harusi ambalo mama yake alilishona kwao Uingereza. Waingereza huliita sanduku la namna ile trunk. Lakini miaka yote minne Bibi Wini alikuwa akisema tu, "Niletee box yangu." Asubuhi ile ile Anyesi alikuwa amefagia chini ya kitanda, akalizungukia sanduku kwa ufagio, akafunga mlango.

Kubeba gogo lile kulihitaji wanaume wanane, na mtu wa kuwapata wanaume wanane kwa siku moja alikuwa Matonya peke yake. Matonya alikuwa mfugaji, boma lake liko chini ya mlima, nywele zake amezisuka na kuzipaka udongo mwekundu. Kanisani hakuingia, ila kila siku alileta maziwa misheni, na kila siku alipata sababu ya kuyaleta mwenyewe. Kiswahili chake alikuwa amekiokota katika kazi ya reli, kikapinda hapa na pale, lakini hakikumzuia kusema lolote.

"Gogo," akasema. "Mpaka harusini."

"Ndiyo," akasema Anyesi.

"Anayeolewa na gogo ni nani?"

"Matonya, sina muda wa mzaha. Kesho alfajiri lazima tuondoke. Treni ni Ijumaa."

Matonya akalizunguka gogo, akalipiga teke la upole, akatikisa kichwa. "Watu wa misafara walituita Wagogo, wakasema waliwakuta babu zetu wamekalia magogo. Sasa leo gogo linataka kutukalia sisi." Kisha akacheka, akaenda kuita rafiki zake.

Jumatano kabla jua halijachomoza waliondoka. Gogo lilifungwa mikeka lisikwaruzwe, Ruthu akalizungushia shada la maua ya porini, likafungwa kamba kwenye miti miwili mirefu, wanne mbele, wanne nyuma. Anyesi alitembea mbele na karatasi ya simu mkononi. Hawakuwa wamemaliza mteremko wa kwanza Matonya akaanza kuimba.

"Mpisheni, mpisheni, bibi harusi anapita!"

Wale saba wakaitikia, "Mnene, hana kiuno!"

"Mpisheni, mpisheni, anakwenda kwa mumewe!"

"Mzito, hana miguu!"

Anyesi alikusudia kukasirika. Ilikuwa safari ya kanisa. Lakini wimbo ule uliingia magotini, na walipofika bondeni aligundua kuwa miguu yake inakwenda nao. Katika kijiji cha kwanza wanawake walitoka mashambani na vigelegele wakidhani ni bibi harusi wa kweli, na walipoona ni gogo hawakuacha, walizidisha. Mzee mmoja alisimama njiani akauliza kwa Kigogo limelipiwa mahari ya ng'ombe wangapi. Wasichana wawili wakafuata wakicheza, halafu watano, halafu kila kijiji kiliwasindikiza mpaka kijiji kinachofuata na kulikabidhi gogo kwa wenyeji wapya. Katika maisha yake Anyesi alikuwa hajacheka siku nzima. Jioni walipotua mzigo mbavu zilimuuma.

Alhamisi wakafika kwenye mto mkavu kabla ya Gulwe. Mchanga ulikuwa mlaini na wa moto, na katikati ya mto mbebaji mmoja akazama hadi magotini, gogo likaegama, likaanguka, likajichimbia kitanda chake mwenyewe. Walivuta. Likakataa. Jua lilikuwa utosini.

"Bibi harusi amechoka," akasema Matonya akitweta. "Anataka kulala kwao."

Anyesi akavua viatu, akafunga khanga kiunoni, akaweka bega chini ya mti wa kubebea.

"Mwalimu, toka hapo," akasema Matonya. "Utaumia."

"Hesabu mpaka tatu."

"Mwalimu..."

"Moja!" akasema Anyesi. "Mbili!"

Kwenye tatu gogo likaondoka. Walikuwa wamesimama bega kwa bega chini ya mti mmoja, yeye na Matonya, na hakuna aliyeweza kutoka bila gogo kuanguka tena, kwa hiyo wakavuka vile vile mpaka ng'ambo, jasho la huyu likimdondokea yule. Walipolitua Matonya aliangalia mchanga. Anyesi naye akatafuta viatu vyake kwa muda mrefu, ingawa alikuwa amevishika mkononi.

Gulwe walikaribia na watu wapata arobaini nyuma yao, ngoma mbili, na mbwa wengi. Askari wa zamu, aliyekuwa ameketi kwenye kivuli cha stesheni, aliona wingu la vumbi, akaona wanaume wanane wamebeba kitu kirefu, kinene, cha mviringo, kimefichwa ndani ya mikeka. Akaruka na bunduki yake.

"Simama! Mzinga huo wa vita mmeutoa wapi?"

Ngoma zikanyamaza.

"Siyo mzinga, Bwana Askari," akasema Anyesi. "Ni zawadi ya harusi."

"Fungua!"

Wakafungua. Askari akaligonga gogo kwa kitako cha bunduki. Akalizunguka. Akainama kwenye ncha moja, kisha ncha ya pili, akachungulia kwa jicho moja akitafuta tundu la risasi.

"Tundu liko wapi?"

"Bwana," akasema Matonya, "tumelibeba siku mbili. Ukiliona tundu tuambie, tuingie humo tupumzike."

Askari alijaribu kukunja uso, masharubu yakamsaliti. Akacheka mpaka akakalia gogo lenyewe, na tangu hapo akawa mtu wao, akawapitisha mbele ya mizigo mingine yote.

Karani wa stesheni aliitwa Makame, kijana nadhifu aliyesomea Tanga shule ya serikali. Kijerumani alikijua, Kiingereza hapana. Alitoa karatasi ya mzigo akachovya kalamu.

"Niandike nini?"

"Andika trunk," akasema Anyesi, akamtajia herufi.

"Trunk, moja," akasema Makame akiandika kwa mwandiko wa mapambo. "Niwaarifu Dodoma kwamba inakuja?"

"Waarifu, tafadhali. Bibi asiwe na wasiwasi."

Makame akapiga simu. Na kule Dodoma Bibi Wini, aliyekuwa hajalala vizuri siku tatu, akaletewa kikaratasi kwamba trunk inakuja kwa treni ya Ijumaa. Akakibusu kikaratasi. Akaenda kumwambia jirani yake Stara kwamba mambo yote sasa ni shwari.

Treni ilikuja asubuhi ikipumua moshi. Wale wanane hawakuwa wamepanda treni hata mara moja, Matonya akiwemo, kwa sababu kazi yake relini ilikuwa kupasua mawe. Walipanda nyuma kwenye behewa la wazi pamoja na gogo lao, wakakaa juu yake. Behewa lilipotikisika wote wanane walishika gogo kama watoto wanavyoshika mgongo wa mama. Baada ya Igandu walizoea. Baada ya Kikombo walikuwa wanaimba. Walipopita Ihumwa walikuwa wakiwaamkia watu, mbuzi na vichuguu, "Mbukwenyi! Mbukwenyi!", na Anyesi, aliyekuwa behewa la mbele na abiria wengine, alitoa kichwa dirishani ili asikie vizuri. Upepo ukamvua kitambaa, na hakukisikitikia.

Bibi Wini alikuwa amesimama mbele kabisa ya watu waliokuja kupokea treni. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mashavu mekundu, kofia imemkaa upande. Kando yake alikuwapo Stara, mke wa Bushiri mwenye duka, mwanamke wa makamo ambaye familia yake ilikuwa Dodoma tangu enzi za misafara.

"Anyesi! Umefika!" Bibi Wini akamkumbatia. "Mungu akubariki. Trunk yangu iko wapi?"

"Iko nyuma, Bibi. Inabebwa na watu wanane."

"Wanane?" Bibi Wini akacheka. "Sikumbuki kama niliijaza hivyo."

Ndipo ukasikika wimbo. Mnene, hana kiuno. Mzito, hana miguu. Watu wakapisha, na wale wanane wakatokea na maua ya Ruthu yamenyauka juu ya mzigo wao, wakalitua gogo mbele ya viatu vya Bibi Wini kwa heshima, pole pole, kama watu wanaotua mayai. Bibi Wini akawapigia makofi. Kisha akatazama nyuma yao. Akatazama kushoto na kulia.

"Asanteni sana. Na trunk?"

"Ndiyo hii," akasema Anyesi, akalipiga gogo kwa viganja.

Mikono ya Bibi Wini ikapanda yenyewe hewani, ikachora pembe nne, ikafunga kifuniko, ikazungusha ufunguo. Anyesi aliifuata mikono ile kwa macho.

"Sanduku?" akauliza.

"Sanduku."

"Lile la chini ya kitanda?"

"Lile."

"Lakini lile ulinifundisha ni box!"

"Ni box."

"Basi mbona hukuandika box?"

"Kwa sababu box ni box yoyote. Na trunk ni... ni box ya safari, kubwa, ya..."

"Kwa hiyo pua ya tembo ni trunk. Mwili wa mti ni trunk. Na sanduku ni trunk."

"Na hapa," akasema Bibi Wini kwa sauti ndogo, kama mtu anayekiri kosa, akijigusa kifua na tumbo. "Kiwiliwili cha mtu. Hiki nacho ni trunk."

Anyesi akakaa juu ya gogo. "Na gauni? Limo humo ndani?"

"Limo humo."

"Na harusi ni kesho."

"Ni kesho."

Machozi yakamtoka Anyesi. Alitoa daftari lake mfukoni, lile la maneno mia nane, akaliangalia kama mtu anavyomwangalia rafiki aliyemdanganya. Nyuma yake wale wanane walikuwa wamesimama hawajui waweke wapi mikono. Matonya alisogea hatua moja, akasimama.

Ndipo Bibi Wini akakaa kando yake, akamshika mkono. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Anyesi alidhani analia, akageuka amwombe radhi, akaona kwamba Mzungu yule anacheka hata hawezi kupumua, kofia imeanguka, machozi yanamtiririka.

"Siku ya kwanza nilipofika kwenu," akasema alipopata pumzi, "Mwalimu Yoramu alikuja mbio akaniambia, 'Bibi, paa linavuja!' Mimi nilikuwa najua paa mmoja tu, yule mnyama. Nikachukua dawa na bandeji, nikazunguka nyumba katika mvua nikimtafuta huyo paa, nikimhurumia. Yoramu akanifuata nyuma akiwa na ngazi. Nimezunguka mara tatu, Anyesi! Hakuthubutu kuniuliza natafuta nini!"

Anyesi alijitahidi kuendelea kulia. Picha ya Yoramu na ngazi yake katika mvua ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Kicheko kikampasuka, naye akamwegemea Bibi Wini, wakacheka wote wawili juu ya gogo mpaka mkuu wa stesheni, Mjerumani mwenye saa mkononi, akatoka ofisini kuuliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kumweleza.

Stara alikuwa amengoja kwa subira. Sasa akapiga makofi mara mbili.

"Mmemaliza? Basi nisikilizeni mimi. Bibi harusi ni mtu, siyo gauni. Mtu mwenyewe yupo?" Alimnyooshea Bibi Wini kidole. "Upo. Bwana harusi yupo?"

"Yupo, Bi Stara."

"Basi harusi ipo. Simama, twende kwangu. Na wewe mwalimu, futa macho, nina kazi nawe. Nyie wanaume, lichukueni gogo lenu, mtaonyeshwa pa kuliweka. Mnakula pilau?"

Wanaume wote wanane walisema wanakula, ingawa sita hawakujua pilau ni nini.

Alasiri yote nyumba ya Stara ilijaa wanawake. Maji ya mawaridi yakatolewa, asumini ikatungwa, udi ukafukizwa mpaka Bibi Wini akapiga chafya kumi na moja. Hina ikamkaa mikononi vizuri ajabu kwa sababu ya weupe wake, wanawake wakawa wanaitana waje kuona. Mume wake Stara, Bushiri, alileta kutoka dukani kisutu, ile khanga ya harusi, kipya kabisa, chekundu na cheusi na cheupe, bado kina harufu ya meli.

"Kwetu bibi harusi hatoki bila hiki," akasema Stara. "Mama yako akikuuliza, mwambie umevalishwa na mama mwingine."

Bibi Wini alimkumbatia Stara shingoni, hina ikamchafua mwenzake begani, na Stara akasema haidhuru.

Jumamosi asubuhi waliandikwa bomani, kisha wakaenda kwenye kanisa la udongo lililoezekwa nyasi. Bwana Robati alikuwa amesimama mbele, mrefu, mwenye miguu ya kuku, kola imemkaba. Bibi Wini alipoingia amejifunga kisutu, asumini kichwani, mikono imepambwa hadi kwenye viwiko, Bwana Robati aliangusha kofia yake. Alipoinama kuiokota akamgonga kasisi kwa kichwa. Kasisi naye akaangusha kitabu. Kanisa zima likafanya "Aaa!", na wale Wagogo wanane waliosimama mlangoni wakadhani ndiyo desturi, wakafanya "Aaa!" mara ya pili.

Baada ya ibada wakatoka nje, na pale kivulini gogo lilikuwa linangoja. Bwana Robati akalitambua kwa mbali. Akamwacha mke wake mlangoni akakimbia.

"Mninga wangu!" akasema kwa Kiswahili chake kibovu. "Nani ameleta mninga wangu?" Alilipapasa, akalipima kwa urefu wa mikono, akaliwekea sikio, akaligonga, akafurahi. Kisha akarudi kwa mke wake macho yakiwa yamelowa. "Ulikumbuka," akamwambia. "Siku zote hizi ulikumbuka."

Bibi Wini akamtazama Anyesi. Anyesi akatazama mawingu.

"Nilituma simu," akasema Bibi Wini. Na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Ngoma ilichezwa mpaka jua likazama. Wanawake wa Kiislamu wa mtaani waliimba nyimbo zao za harusi, Wagogo wakaruka na kutikisa mabega, wamisionari wakapiga makofi mahali pasipotakiwa.

Jumatatu wakapanda treni ya kurudi, na safari hii Matonya hakukaa nyuma na wenzake. Alikuja behewa la mbele, akaketi mkabala na Anyesi, mikono magotini, akaangalia nje stesheni mbili nzima. Kikapu cha kuku cha mama mmoja kilikuwa kati yao. Baada ya Kikombo Matonya akakohoa, akasema jambo kwa Kigogo, pole pole.

"Nini?" akauliza Anyesi. Magurudumu yalikuwa yanapiga kelele.

Akasema tena.

"Sikusikii!"

Basi Matonya akasimama, akashika ukingo wa dirisha asianguke, akapaza sauti kwa Kiswahili chake kilichopinda ili asikosewe na mtu: "Mimi nasema, nataka kuoa wewe! Ng'ombe ninao! Kusoma nitajifunza! Maziwa nimechoka kuleta kama mgeni!"

Mama wa kuku akageuka kumtazama Anyesi. Abiria wote wakageuka kumtazama Anyesi. Yeye alihisi damu imepanda hadi masikioni, na akiwa na maneno mia nane ya Kiingereza, na Kiswahili chote, na Kigogo cha mama yake, hakupata hata moja la kuanzia.

"Jibu, mwanangu," akasema mama wa kuku. "Mimi nashuka Msagali."

"Kwanza kaa chini," Anyesi akamwambia Matonya. "Utaanguka."

"Nikikaa utajibu?"

"Ukikaa nitajibu."

Akakaa. Anyesi akainama mbele, akavuka kikapu cha kuku, akamwambia jambo sikioni. Matonya akaruka juu akagonga kichwa kwenye rafu ya mizigo, akatoa nusu ya mwili dirishani, akawapigia wenzake kelele kule nyuma: "Amesema niende kumposa kwa kaka yake!" Na kutoka behewa la nyuma, juu ya vishindo vya reli, sauti saba zikapokea kwa ukelele mmoja mrefu, kuku wakashtuka wakatoka kikapuni, na watu wote wa behewa wakaanza kuwakimbiza chini ya viti wakicheka.